Pete Badala ya Darubini

Mwaka niliostaafu ualimu, macho yangu yalianza kunisaliti. Nilikuwa nimerithi bunduki ya marehemu baba, kwa kibali cha polisi, lakini kila nilipoiinua, kipande cha kulengea kilicho karibu na jicho kilikuwa ukungu mtupu. Nako kijijini kwetu Izimbya nguruwe pori walikuwa wanaimaliza mihogo yangu.

"Irudishe polisi," kaka yangu alisema. "Uzee hauna dawa, mwanamke wewe."

Nilimwomba mpwa wangu wa Mwanza anitafutie darubini ya kufunga juu ya bunduki. Alipoileta, niliipeleka kwa fundi wa bunduki pale mtaa wa Bakoba, mjini.

"Waitu, mama yangu, hapa haifai," fundi alisema. Alivuta chini ule mkono wa chuma wa kukokia, ganda tupu la risasi likaruka juu moja kwa moja. "Umeona? Ganda litagonga darubini. Halafu vichakani utaona sikio la nguruwe tu, hutajua nyuma yake kuna nani."

Akanionyesha pete ndogo ya chuma ya kufunga nyuma ya bunduki, karibu na jicho. Tundu lake lilikuwa kubwa, nikauliza nitalengaje.

"Usiitazame pete. Tazama ncha ya mbele, ile ya mdomoni mwa mtutu, jicho litajitafutia katikati lenyewe."

Alipoifunga, tulipewa ruhusa ya kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Risasi ya kwanza ilienda kushoto, fundi akasogeza pete kwa bisibisi. Ya tano ilitoboa karatasi katikati. Bega liliniuma wiki nzima, lakini nilirudi tena, na tena.

Asubuhi moja nililikuta dume kubwa la nguruwe likifukua mihogo. Ncha ya mbele ilikaa begani mwake, safi kabisa. Kidole kilikuwa tayari nilipoona, pembeni ya pete, kanga nyekundu ikisogea kwenye mibuni nyuma ya dume: jirani yangu, ameinama anachuma kahawa.

Nilishusha bunduki. Nikamwita jirani kwa sauti, dume likakimbilia bondeni.

"Umemwacha!" kaka alilalamika jioni.

"Nimemwacha," nilisema. "Kesho nitakaa upande wa juu, nilenge kuelekea mtoni, kusiko na watu."

Nilikaa huko asubuhi nne, umande ukinilowesha magoti. Ya tano, dume lilirudi. Lilianguka kwa risasi moja. Nilimpigia simu mtendaji wa kijiji kutoa taarifa, kisha nikaenda kupanda upya mihogo.