Uvimbe Uliojificha kwa Adabu

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya upasuaji ya wanawake kule Temeke, nilifika na hotipoti, ndala na nia thabiti ya kuwahi kurudi nyumbani. Matroni akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe umeajiriwa au umekuja kuangalia mgonjwa?"

"Nimeajiriwa, Matroni."

"Basi hiyo hotipoti ifiche. Wodi nzima inadhani umewaletea wao."

Nilikuwa mhudumu wa afya: kidato cha nne na mwaka mmoja wa mafunzo. Tuliandaa wagonjwa, tukasafisha vidonda, tukashika taa daktari akishona. Wenzangu waliomba uhamisho mikoani wapate vyeo. Mie nilikuwaga naomba kusogea karibu na Boko, nilikojenga. Cheo sikukipata, ila chai ya nyumbani sikuikosa. Ndivyo nilivyofika kliniki moja ya upasuaji Kinondoni, chini ya Daktari Bingwa, mtu mpole asiyepandisha sauti.

Nyie mnaoanza kazi leo, uvimbe wa ukuta wa kifua ni ule unaoota kwenye nyama zinazofunika mbavu, mbele au mgongoni. Usio saratani mara nyingi huwa wa mafuta, ukiubonyeza unateleza chini ya kidole. Lakini ipo aina adimu iitwayo elastofibroma, jina lililonitoa jasho kabla sijaweza kulitamka. Ni nyuzi zilizochanganyika na mafuta, na hukaa kati ya mbavu na bapa la bega, ule mfupa mpana wa mgongoni.

Wa kwanza kuuona ulikuwa wa Bi Zuwena, mwenye duka la vitambaa Temeke. Alikuja na binti yake, Rukia. Kila akikunja majora, kitu kilimgonga mgongoni. Zahanati mbili hazikuona kitu, zikampa dawa ya kuchua. Yeye alishaamua kuwa ni kansa.

"Shikamoo, mama," Daktari akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja uniambie nimebakiza muda gani."

Nilimsaidia nyuma ya pazia kuvua buibui. Akaketi wima, mikono mapajani, macho chini, kama bibi harusi anayesubiri kutunzwa. Daktari akapapasa mgongo. Laini kabisa.

"Si nilikwambia, mama? Ni mawazo tu," Rukia akasema.

"Mawazo yanagonga, Rukia?"

Daktari akacheka. "Mama, umekaa kwa adabu mno. Hebu jikumbatie, kila mkono ushike bega la pili."

"Mbele yako?"

"Mbele ya nesi. Mimi nautazama mgongo tu."

Akajikumbatia, akijifanya hatuoni. Bapa la bega likasogea mbele, na hapo chini yake ukachomoza uvimbe wa ukubwa wa limau. Kumbe zahanati zote mbili alikaa kwa heshima ileile, na mfupa ukaufunika. Rukia alikaa kitini bila kukaribishwa.

Daktari akapapasa upande wa pili, akakuta mwingine mdogo. Uso wake ukafunguka. Aina hii, alitueleza, huwapata zaidi kina mama watu wazima, na mara nyingi huja pande zote mbili. Ila hakutaka kubahatisha, akaagiza siti skani. Wiki iliyofuata picha ikaonesha mistari ya nyuzi na mafuta, kama alivyotarajia.

"Si saratani, mama, na hausambai. Ukikuuma sana au ukikuzuia kuinua mkono, tutautoa kwa upasuaji. Usipokusumbua, tunauacha, unakuja tunauangalia."

Bi Zuwena akamgeukia. "Kwa hiyo sifi?"

"Si kwa huu."

"Mwanangu, mie nimeshagawa kanga zangu zote."

"Mama! Zote?" Rukia akauliza.

Daktari Bingwa akaanza kufuta miwani.

Sasa nimestaafu, siku nzima niko barazani kwangu, na mume wangu anadai nimezidi. Jirani akija na uvimbe simpapasi. Namwambia aende hospitali, na akifika asione haya kukaa mkao unaoutoa nje. Vijana wakiniuliza kazini nakumbuka nini zaidi, wanategemea niseme damu. Nakumbuka Bi Zuwena akitoka getini kwa mwendo wa msichana, anamwambia Rukia waanzie Mbagala kwa wifi yake, kwa sababu ndiye aliyechukua doti nzuri kuliko zote na hakutoa hata chozi.