Idd imefika, Bwawa Jeupe halijakauka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Idd ya Kuchinja, Sikuzani Jumbe anadidimiza mwanzi kwenye udongo mweupe, anauchomoa na kuutazama. Kipande cha nondo alichokifunga mwishoni kimerudi na tope linalochuruzika kama uji. Anapiga hatua tano, anadidimiza tena. Chai yake imepoa juu ya jiwe ukingoni.

"Bado," anasema, huku akielekea shimo la tatu.

Sikuzani, mwenye umri wa miaka 54, ni mpimaji wa Bwawa Jeupe, nje kidogo ya barabara ya Maneromango, wilayani Kisarawe. Bwawa ni la asili, lakini kwa miaka mingi palichimbwa udongo mweupe wa kutengenezea vyombo. Wachimbaji walipoondoka, maji yalirudi. Kila masika bwawa hujaa, na kiangazi kikianza maji hupungua, yakaacha uwanda mweupe wenye ukoko juu na tope chini.

Juu ya ukoko huo watu huteleza. Hukata plastiki ya dumu kwa umbo la unyayo, huifunga miguuni kwa mpira wa baiskeli, na ukoko hunyunyiziwa maji kidogo. Mtu akisukumwa vizuri huenda mbali bila kunyanyua mguu. Wachimbaji ndio waliouanza mchezo huu jioni baada ya kazi. Siku hizi Idd huleta watu hadi kutoka Mkuza na Mbwawa, kule Kibaha.

Kazi ya Sikuzani ni kusema ndiyo au hapana. Kamati ya kitongoji humlipa shilingi 15,000 kwa siku ya mchezo. Siku nyingine analima mihogo. Kipimo chake ni mkono wake mwenyewe: ukoko mkavu lazima ufikie urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole.

Alianza mwaka 2016, Idd hii ilipoangukia Septemba, uwanda ukiwa mgumu kama sakafu. Lakini Idd husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na masika hayasogei nayo.

"Sisi hapa tulizoea kwamba Idd ikifika, bwawa limeshakauka," anasema. "Hakuna aliyekaa akahesabu. Mwaka jana nilipima mashimo mawili tu, nikawaambia twendeni."

Wa kwanza kuingia alikuwa Saida, mdogo wake. Alizama hadi kwapani. Walimvuta kwa kanga zilizofungwa pamoja, na nyonga yake haijapona sawasawa hadi leo. Anatembea na fimbo, na asubuhi hii amekaa ukingoni na beseni la vitumbua.

"Mimi bwawa limeshanionja, likanitema," Saida anawaambia wateja wake. "Nyinyi mnataka kujua kama lina njaa?"

Sikuzani hacheki. Anazunguka, anarudi, anapima tena mahali alipokwisha kupima.

Saa tatu, baada ya swala, magari mawili aina ya Noah yanawasili kutoka Mkuza, vijana wakiwa wameshika viatu vyao vya dumu. Mwenyekiti wa kitongoji, Twalibu, anamwita Sikuzani pembeni na kumwomba kwa upole afungue japo upande wa ukingoni. Sikuzani anakwenda kupima huko. Mashimo sita yanafika kiwiko. La saba linaishia kwenye kifundo cha mkono.

Kisha anarudi.

"Leo hapana, mwenyekiti."

"Shimo moja tu, Bi Sikuzani?"

"Mwaka jana hata hilo moja sikulitafuta."

Vijana wananung'unika. Mmoja wao anamwambia, "Shikamoo bi mkubwa, lakini unatubania," kisha anabeba jiwe kubwa kwa mikono miwili na kulitupa uwandani. Jiwe linatua kwa kishindo na kubaki juu. Wenzake wanashangilia. Sikuzani analitazama.

Kufikia adhuhuri magari yameondoka. Jiwe liko palepale.

"Labda wangeteleza salama," anasema, akitembea huku na huku kando ya maji. "Sijui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na usiku wa leo halitaniacha."

Kuanzia sasa atahesabu siku tangu mvua ya mwisho ya masika, na atafungua wiki nne baada ya mvua hiyo, Idd iwepo isiwepo. Twalibu ana wasiwasi kwamba hakuna atakayekuja siku isiyo ya sikukuu. Sikuzani anasema hilo si la mpimaji.

Lakini ana ombi moja kwa kamati. Anataka jirani yake Sada, mama wa watoto wawili, apewe naye mwanzi na apime nyuma yake.

"Mwaka jana nilikuwa na uhakika, ndiyo maana watu walinifuata," anasema. "Nataka mtu wa kunikatalia mbele yao."