Mistari ya Ijumaa katika Daftari la Chande

Chande wa Bodo alipima mawimbi kwa mwaka mmoja, kuanzia Januari 1998. Kabla ya hapo alikuwa mvuvi wa nyavu, na baada ya hapo alirudi kwenye nyavu zake.

Kazi hiyo ililetwa na ofisi ya mradi iliyokuwa Ukunda. Walitaka kujua kama mawimbi ya nje ya mwamba yangeweza kuendesha mtambo wa umeme. Vijiji vitatu vilikuwa vikipimwa. Kijiji ambacho wastani wa mawimbi yake ungefika mita moja kingeingia katika orodha ya kupewa mtambo wa majaribio, pamoja na mashine ya barafu. Taa hazikumshughulisha Chande. Alitaka barafu. Mkewe, Mwanapili, alikuwa akinunua samaki na kuwapeleka Msambweni, na siku gari lilipochelewa, nusu ya kapu iliharibika.

Nje ya mwamba ilisimamishwa nguzo ya chuma yenye alama za sentimita. Maji yalipojaa mchana, Chande alipiga kasia hadi karibu na nguzo, akasoma mawimbi kumi, akayaandika kwa penseli, kwa sababu wino hutoka ukilowa. Daftari alilitia katika mfuko wa plastiki na kulifunga kiunoni. Mwezi wa Juni mtumbwi ulipinduka. Alirudi bila kasia, lakini daftari lilikuwa kavu.

Januari iliyofuata alikuja Dishon, fundi wa mradi, kijana wa bara. Alifuatana na Jacinter, karani aliyekuwa akiingiza vipimo katika kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Dishon alisema kwamba wastani wa Bodo ulikuwa sentimita tisini. Haukufika.

Mwanapili, aliyekuwa akipara samaki mlangoni, alikiweka kisu chini. Chande aliomba karatasi za vipimo. Alizisoma polepole, kidole kikishuka, kisha kidole kikasimama.

"Hii sufuri ni ya nini?"

"Hiyo ni Ijumaa," alisema Jacinter. "Kila Ijumaa ulipiga mstari tu, nikajua bahari imelala. Nyinyi watu wa pwani, hata mawimbi yenu yana likizo."

"Bahari hailali, binti yangu. Ni sisi ambao siku ya Ijumaa hatutii chombo majini. Mstari maana yake sikwenda."

"Si ungeandika hivyo, kwamba hukwenda?"

"Hapa hakuna asiyejua."

"Nawe mwaka mzima hukuuliza," Mwanapili alimwambia Jacinter.

Dishon alizihesabu. Zilikuwa Ijumaa hamsini na mbili. Alimsogezea Chande daftari na penseli.

"Mzee, tuzijaze tu. Andika kipimo cha katikati ya Alhamisi na Jumamosi. Ofisini watataka siku zote."

"Andika, Baba Husna," alisema Mwanapili. "Bahari ya Alhamisi na ya Ijumaa si ni hiyo hiyo?"

"Huenda. Sikuiona."

"Hata kwa ajili ya barafu?"

Chande alilifunga daftari. "Zitoe siku hizo, Dishon. Gawanya kwa siku nilizokwenda."

"Wakikataa, Bodo imetoka."

"Wakikataa, imetoka."

Jacinter alitoa kikokotoo mkobani. Aligawanya, akafuta, akagawanya tena. Sentimita mia moja na tano. Dishon aliandika barua ya kueleza maana ya mistari, na Chande akatia sahihi.

Majibu yalifika mwezi wa Machi. Ofisi iliiingiza Bodo katika orodha. Lakini iliona kuwa siku hamsini na mbili bila kipimo ni nyingi mno, na kwa hiyo, kabla ya mtambo, bahari ingepimwa mwaka mwingine kwa boya linalojipimia lenyewe, siku zote saba. Mtu wa kusoma nguzo hakuhitajika tena.

Chande alimsomea mkewe barua hiyo hadi mwisho.

"Kwa hiyo barafu ipo?"

"Ipo kwenye orodha."

"Kwenye orodha samaki hawagandi. Ungejaza zile Ijumaa, mtambo sasa ungekuwa njiani."

"Huenda," alisema Chande.

Gari la Msambweni lilikuwa halijafika, na jua lilikuwa limeshapanda. Mwanapili alileta chumvi akaanza kuwapasua samaki wa kufanya ng'onda. Chande aliikunja barua, akaketi upande wa pili wa karai, akachukua kisu kingine.