Shujaa Hakimbii

Hapa Muyinga fundi redio anachomelea waya, na harufu ya plastiki ya moto inanirudisha sebuleni kwetu Gitega. Tulikuwa na mchezo wa video wa Kijapani wa kupigana kwa zamu, ambamo adui hungoja mpaka uchague. Shujaa wetu alikuwa karibu kufa, kwa hiyo tangu asubuhi mimi na dada yangu mkubwa hatukuthubutu kubonyeza kitu, mpaka mashine ikaanza kunuka plastiki.

"Hamna kukimbia humo?" mama aliuliza, akimenya mihogo.

"Iko, mama. Lakini shujaa hakimbii."

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Shujaa akatoroka, mzima.

"Wakati wa vita mi nilikimbia na we mgongoni mpaka Tanzania," mama akasema, akaendelea kumenya.

Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilimgeukia dada nikitegemea atacheka. Yeye alikuwa anakumbuka.