Kiti cha Arusi cha Mama Sidonie

Saa kumi na mbili asubuhi, mji wa Mweso, mashariki mwa Kongo, bado umejifunika ukungu, na Mama Sidonie Mukankusi ameinama uani akisugua tope kwenye miguu ya viti. Miguu yake mwenyewe itasubiri.

Anakodisha viti vya plastiki kwa arusi, misiba na mikutano, faranga mia tano kimoja kwa siku. Anavyo sitini, pamoja na kimoja cha mbao chenye mikono na mto mwekundu, cha bibi arusi. Hicho anakionea fahari wala hafichi.

"Hii haikaliwe na kila muntu," ananiambia, huku akinisukumia cha plastiki.

Nimemfuata kwa sababu ya mkutano wa mwezi uliopita. Mvua zilibomoa daraja la miguu kwenye kijito kinachotenganisha mji huu wenye hospitali na kilima anakoishi mwanawe, Jean-Luc. Mke wa Jean-Luc, Uwingabire, ni mjamzito. Asipoweza kuvuka, atajifungulia mlimani, na wazo hilo linamnyima mama mkwe wake usingizi.

Kuzungumzia daraja hilo walikuja wajumbe wa kundi la nchi rafiki, pamoja na shirika moja la kimataifa. Mama Sidonie akaweka kiti cha arusi mbele kabisa, cha mkubwa wa kundi.

Kumbe kundi halina mkubwa. Nchi hizo hazina ofisi ya pamoja wala mhuri. Hukutana, hupokezana uenyekiti, na zikikubaliana jambo hulipeleka kwa shirika lenye wahandisi na magari. Basi wajumbe wakaanza kusukumiana kiti. Mtu wa shirika naye akakikwepa.

"Nilikasirika, papa! Hata korali iko na prezida. Bale ba mataifa bakose?" Anacheka hadi anafuta machozi.

Mara akatokea Uwingabire kutoka kijitoni, kitenge kimelowa hadi kiunoni. Alikuwa akienda kliniki ya wajawazito, akapitia kumsalimu mama mkwe. Akaona kiti kitupu, akaketi, akashusha pumzi. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

Mkalimani, Papa Straton, akamuuliza ametoka wapi.

"Ku kilima. Nimepita mu maji, daraja haiko. Siku ya kuzaa nitapita wapi?"

Kabla ya hapo, kundi lilikuwa likilingoja shirika, na shirika likilingoja kundi. Jioni hiyo kundi likaahidi kugharamia mbao, shirika likaahidi mafundi. Nami, niliyezoea kuandika habari za mikutano isiyozaa kitu, nilifurahi niliposimuliwa.

Sasa nguzo mbili zimesimama. Mbao bado ziko njiani, na Uwingabire ameingia mwezi wa tisa.

"Ninabatumainia," anasema Mama Sidonie. "Siku ya kufungua daraja, viti nitatoa bule."

Kisha ananipeleka nyuma ya nyumba. Kiti cha arusi kipo, mto wake umefunikwa nailoni. Ubavuni amekifungia miti miwili mirefu, kikawa kipoyi, machela ya kubebea wagonjwa mabegani. Jean-Luc na vijana watatu wameshakubali kubeba.

Anakagua fundo la kamba, anavuta, anaridhika.

"Daraja ikitangulia kufika, ndio vizuri. Mutoto akitangulia, mama yake atapita maji mu kiti ya bakubwa."