Nani Bado Ana Mrija?

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya jua kali kule Malaba, vifaranga wakinililia ndani ya maboksi kana kwamba mimi ndiye mama yao. Nilikuwa kijana bado, ingawa mama yako atakuambia upara ulikuwa umeshabisha hodi. Msikilize, lakini usimwamini sana.

Tulikuwa tumefunga kamera katika yadi moja ya malori, mimi na Fundi Amoding, mama wa Kiteso aliyenifundisha kazi hii ya mitandao. Kamera zile zilituma picha kwa njia ambayo mafundi tunaiita maltikasti: kamera hutoa picha mara moja tu, na kila skrini iliyoiomba huipata. Lakini swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya zote, isipofundishwa haijui nani ameomba. Humwagia kila mtu. Basi picha za lango zikafurika hadi kwenye kompyuta ya wakala wa forodha mwenye ofisi humo yadini, ambaye hakuwa na haja nazo, na hati zake zikakwama. Zilikuwa hati za Mama Nafula wa Bumala, aliyekuwa akivusha vifaranga wa siku moja kwenda Uganda. Kifaranga hajui foleni. Jua likipanda, anakufa.

"Kijana wangu," Mama Nafula aliniambia, akipepea maboksi kwa leso yake, "hawa wakikufa mimi sina kingine. Fanya kitu."

Nikafanya, tena kwa mbwembwe. Niliiamuru swichi isikilize nani anaomba picha, impe huyo peke yake. Hati zikaanza kusonga, nami nikaanza kupokea pongezi. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Dakika chache baadaye skrini ya lango ikawa nyeusi, na mwenye yadi akaja akifoka.

"Bila kamera, hii gate haifunguliwi! Hata kwa kuku!"

Nikanyoosha mkono nirudishe mambo yalivyokuwa. Amoding akaushika.

"Tulia, Wandera. Jumapili kwa mama yangu, nani alikuwa anazunguka na maji moto?"

Nilijua anakokwenda, nikaona haya. Jumapili ile tulikuwa tumezunguka chungu kimoja cha pombe ya wimbi, yaani ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu. Mama yake alikuwa akipita na birika la maji moto kuongeza chunguni, akiuliza, "Nani bado ana mrija?" Ukijibu, unabaki. Ukinyamaza, anajua umeshaenda zako, mrija wako unatolewa. Mimi mgeni niliona aibu kujibu, nikabaki nikitazama wenzangu wakinywa. Walinicheka mpaka jioni.

"Ni mama," nikasema.

"Sasa hapa umeweka wa kusikiliza. Wa kuuliza ako wapi?"

Hapakuwa na wa kuuliza. Skrini ya lango ilikuwa imeomba picha mara moja tu ilipowashwa, na swichi, iliposikia kimya, ikadhani imeondoka. Amoding akaiteua swichi hiyo hiyo iwe ikiuliza kila baada ya muda: nani bado anataka picha? Skrini ikajibu, picha ikarudi na kukaa. Hati zikapita, lango likafunguliwa. Vifaranga wachache tulikuwa tumeshawapoteza, na bado huniuma. Wengi walivuka wakipiga kelele, na Mama Nafula akanikumbatia na manyoya yote ya vifaranga yaliyomganda.

Sasa nawe umeanza kazi hii hii hapo Busia, mwanangu, na nasaha yangu ni fupi. Usijimwage kwa kila mtu, utawachosha wasiokuhitaji na kumnyima anayekungoja. Mpe aliyekuomba. Lakini usiishie kusikiliza tu, rudi uulize, maana kuuliza si ujinga. Wengi tunaowahesabu kuwa wameondoka walikuwa wamekaa pale pale, wanaona haya kusema.

Nasikia umemlalamikia mama yako kwamba kila jioni napiga simu, nasema "Uko?", kisha nakata. Ni maji moto hayo, mwanangu. Siku moja atakayekuwa kimya huenda akawa mimi, nawe ndiye utakayeshika birika.

Mungu akuzungushie watu wa kukuuliza, na mrija wako usitolewe kwenye chungu chochote chenye heri. Jioni nitapiga. Sema tu, "Niko, baba." Hilo linanitosha kulala.