Maziwa ya Yeyo Yalipopimwa Mikumi

Nikifungua kibuyu changu cha maziwa, wageni hurudi nyuma kidogo. Ni moshi: moshi wa kijinga cha moto, cha mti mgumu, kilichosuguliwa ndani ya kibuyu kingali chekundu, hadi kuta zake zikanukia. Mgeni mmoja aliniuliza kama maziwa yameungua. Nilimmiminia kikombe kikafurika, wala sikumwomba radhi. Sikilizeni kwa nini.

Tulikaa pembezoni mwa Zombo, sisi wafugaji, wenye ng'ombe wengi na majirani wachache wa kutupenda. Kwetu maziwa ni ya wanawake. Baba angeweza kuuza dume bila kumuuliza mtu, lakini hakuthubutu kugusa kibuyu cha mama, tuliyemwita Yeyo. Wakati wa likizo nilipanda naye pikipiki hadi Mikumi, kwenye maegesho ya malori, ambako madereva waliyanywa maziwa yake mabichi wakiapa kwamba yanafukuza usingizi kuliko kahawa.

Siku moja tulimkuta bwana afya mpya, kijana mwenye koti jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alikiinamia kibuyu, akanusa, akaona chembe nyeusi za mkaa zikielea.

"Mama, haya machafu. Mwaga. Na kuanzia leo maziwa ya moshi hayauzwi hapa."

Wauzaji wenzake Yeyo walikuwa wameshaanza kumwaga yao mtaroni. Yeyo alikiweka kibuyu katikati ya magoti, akakikumbatia.

"Umepima?"

"Nimeona, mama. Na nimenusa."

"Pua hata mbwa anayo. Kwenye begi lako kuna nini?"

Madereva waliangua kicheko. "Daktari, fungua begi!" mmoja alipaza sauti. "Au umebeba chapati?"

Alifungua, masikio yamemwiva. Akatumbukiza kijiti chake cha kioo. Kikaelea panapotakiwa, maana yake hayakuongezwa maji. Akachanganya maziwa kidogo na spiriti, hayakuganda, maana yake hayajaanza kuchacha.

"Sasa pima na ya pale," Yeyo alisema, akiuonyesha mgahawa wenye friji ng'ambo ya barabara. "Usiuruke mlango kwa sababu una vigae."

Akaenda, sote tukamfuata. Ya mgahawani nayo yalikuwa mazuri. Nilinuna, nilitaka yawe mabovu. Yeyo aliitikia kwa kichwa, akaridhika. "Vizuri. Sasa tumepimwa wote."

Bwana afya alisema upo ugonjwa ambao vyombo vyake haviuoni, lazima maziwa yafike maabara. Yeyo mwenyewe alimjazia kichupa.

Majibu aliyaleta bomani kwetu, koti limegeuka rangi ya vumbi la Zombo. Ng'ombe wetu walikuwa na ugonjwa wa kutupa mimba. Mtu akinywa maziwa yao mabichi, alisema, hupata homa isiyokwisha.

"Ukiyachemsha, utauza. Usipochemsha, huuzi."

Yeyo alinigeukia. Tangu masika nilikuwa nikiamka nimelowa jasho, nikimeza dawa za malaria ambayo kipimo hakikuwahi kuiona.

Bibi, mama yake baba, alicheka kwa dharau. "Maziwa yakiona moto, chuchu za ng'ombe hukauka. Hilo hata mtoto analijua." Nililijua. Katika boma letu hakuna aliyewahi kuyachemsha. Na mke hamjibu mama mkwe wake.

 Yeyo alinituma kwa jirani mkulima nikaazime sufuria, akapanga mafiga katikati ya boma, mahali ambapo kila mtu angeona. Maziwa yalipopanda yakitoa povu, Bibi alipiga ukelele, "Basi waue ng'ombe wa mwanangu!" Yeyo alichota, akapuliza, akanipa mimi kwanza. Yaliniunguza ulimi.

Asubuhi Bibi alikuja mwenyewe kushika chuchu. Maziwa yakatoka, meupe na mengi. Alisema pengine zitakauka kesho.

Mimi nilipelekwa hospitali, nikapewa vidonge vilivyogeuza mkojo wangu rangi ya machungwa, na homa ikaniacha. Yeyo aliendelea kuuza Mikumi maziwa ya moshi, sasa yakichemshwa kwanza. Madereva walilalamika, wakanywa.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama ushindi wa mama yangu dhidi ya mtu wa serikali. Nilikuwa nimeshika kipande chepesi. Yeyo alidai kipimo kabla ya kujua kitasema nini, na kiliposema jambo ambalo hakulitaka, hakukitupa. Siku hizi nawasikia wakaidi wengi wakipiga meza, na wengi wao hutaka kupimwa mpaka siku jibu linapowageukia. Yeyo kule Mikumi alisukumwa na kicheko cha maegesho mazima. Bomani alisimama mbele ya moto peke yake, na sufuria ya kuazima.